Supu ya Maksai Mzee

Wajukuu zangu, supu ninayotaka kuwasimulia leo haianzii jikoni. Inaanzia shambani, nyuma ya plau.

Mvua zinapokaribia, piteni kwenye vilima vya Dongobesh au mashamba ya Haydom muwaone maksai wakiwa kazini. Maksai ni dume la ng'ombe lililohasiwa likiwa bado changa, litulie, liweze kufundishwa kazi. Hufungwa nira wawili wawili. Mtoto hutangulia kuwaongoza, mtu mzima hufuata ameshika mikono ya plau, na udongo unapinduka mstari kwa mstari tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali. Wengi wao ni zebu wa kwetu, wenye nundu na pembe fupi. Wataalamu wa mifugo huwataja zebu wa Mbulu kuwa tawi lao wenyewe miongoni mwa zebu wa Tanzania. Si wakubwa wa mwili, ila kilima hakiwashindi.

Sasa ifikirieni miguu ya maksai huyo. Mwaka baada ya mwaka inaubeba mwili, inavuta chuma ardhini, inapanda na kushuka. Msuli unaofanya kazi hivyo lazima ufungwe sawasawa usije ukachanika. Kinachoufunga kinaitwa kolajeni. Ni nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zimesokotwa tatu tatu mfano wa kamba ya katani, na kadiri mnyama anavyozeeka ndivyo nyuzi hizo zinavyozidi kushikana. Zikiwa nyingi pamoja mtaziona vizuri kwenye nyama mbichi: ule utando mweupe unaong'aa kati ya minofu, na zile kano ngumu karibu na goti.

Ndiyo maana mtu akichoma nyama ya mguu wa maksai mzee hutafuna mpaka taya zikamuuma. Na ndiyo maana nyama hiyo hiyo, ikipewa muda, hutoa supu ambayo steki haiwezi kuitoa. Watu wengi huiona nyama ngumu kuwa nyama mbaya. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na nitawaonyesheni kwa nini.

Maksai akichoka na jembe hupelekwa mnadani. Ukitaka kuijua nchi yetu, nenda mnada wa Katesh au wa Haydom ukatege sikio. Wapo Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, na lugha yao ya Kikushi. Wapo Wadatoga, na miongoni mwao Wabarbaig wa Hanang, wafugaji hodari, lugha yao ni ya Kiniloti. Wapo Wanyiramba na Wanyisanzu wenye lugha za Kibantu. Na kule bonde la Yaeda Chini, ndani ya Wilaya ya Mbulu, wanaishi Wahadzabe, ambao lugha yao ina sauti za kidoko. Mahali ambapo watu wa asili hizo zote ni majirani ni pachache mno Afrika nzima. Bei ya ng'ombe wanaelewana kwa Kiswahili.

Tuseme basi kuna msichana wa Dongobesh, mwanafunzi wa darasa la sita. Ni Jumamosi ya mwezi Julai, baridi ya asubuhi inauma vidole, na bibi yake amemtuma buchani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nikukatie steki leo?"

"Hapana, mjomba. Bibi amesema kilo moja ya mguu wa mbele, juu kidogo ya goti, na mfupa wake uwemo."

Mwenye bucha anatabasamu, kwa sababu anajua mteja aliyemtuma mtoto huyu ni mpishi. Steki ni ghali na huiva upesi, lakini ndani ya maji haina la kukupa. Mguu una nyama, una kano, na mfupa wake una uboho. Kidari kinafaa pia, na shingo, na mkia. Sehemu zote zilizofanya kazi zinafaa.

Nyumbani, msichana anapasua kuni nyingi, anazipanga kwenye mafiga, anabandika sufuria ya nyama na lita mbili na nusu za maji, kisha anachochea moto mpaka ndimi zinalamba mfuniko. Bibi yuko nyuma ya nyumba anaanika mahindi. Saa nne maji yanatokota kwa fujo. Saa nne na nusu yanatokota. Saa tano maji yamepungua nusu, na nyama bado ngumu.

"Bibi, mbona moto ni mkali namna hii na nyama haiivi?"

"Kwa sababu uko Mbulu, mjukuu wangu," anajibu bibi, na anaanza kuondoa kuni moja moja.

Jibu la bibi ni la kisayansi kuliko linavyosikika. Maji ya Pangani au Tanga, kando ya bahari, huchemka yakifika nyuzi joto 100. Huko hewa yote iliyo juu yetu huyakandamiza maji, na mvuke hupata shida kutoka. Ukipanda juu, hewa inapungua, mkandamizo unapungua, mvuke unatoka mapema. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka mapema kwa nyuzi moja. Mji wa Mbulu uko kwenye mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kileleni mwa Mlima Hanang, unaozidi mita 3,400, yangechemka kwenye nyuzi 89 au pungufu. Mtu anaweza kupika maharage huko juu akakesha.

Na hapa ndipo watu wengi wanapoteza kuni. Maji yakishaanza kuchemka, huwezi kuyaongezea joto kwa kuongeza moto. Joto lote la ziada linakwenda kuyageuza maji kuwa mvuke. Msichana wetu alipochochea moto ule mkubwa, nyama yake ilikuwa kwenye nyuzi zile zile 94 ambazo ingekuwa nazo kwenye moto mdogo. Tofauti ni kwamba alichoma mzigo wa kuni, akapoteza zaidi ya lita nzima ya maji, na fujo ya maji ikaanza kuichana nyama na kuivuruga supu.

Basi bibi anaondoa kuni mpaka yabaki makaa. Anaongeza maji ya moto, anaondoa povu kwa upawa, anafunika. Sasa maji hayarukiruki. Povu dogo linapanda pembeni, linapasuka, linapanda jingine. Mpishi anayejua huisikiliza sauti hiyo kuliko anavyotazama saa.

Ndani ya sufuria yanatokea mambo mawili, na la kwanza linakatisha tamaa. Nyama inapofika kati ya nyuzi 60 na 70, minofu hujikunja na kukamua maji yake. Mtu akionja wakati huo atasema imeharibika: imesinyaa, imekauka, inarudisha meno. Asiiondoe motoni. Zile nyuzi za kolajeni nazo zimeanza kulegea. Joto likikaa juu ya nyuzi 70 kwa saa mbili, tatu, hata nne, kwa mnyama mzee, msokoto unafunguka na kolajeni inayeyuka kuwa jelatini. Jelatini ni laini, inateleza, inashika maji. Inaingia kati ya minofu iliyokauka na kuilainisha tena, na iliyobaki inachanganyika na maji na kuyapa uzito ule unaosikika midomoni unapokunywa supu nzuri. Nyama isiyo na kolajeni haina cha kuyeyusha. Upike fileti kwa saa nne, utapata nyama kavu ndani ya maji yenye chumvi.

Kwa hiyo shida ya miguu ya maksai shambani ndiyo utamu wake jikoni. Hilo ndilo nililotaka mlijue, na ningependa kila mtoto wa Mbulu na Hanang alijue kabla hajafundishwa kudharau nyama ya mfupa.

Tuongeze sasa vingine. Kwanza vitunguu saumu, na hapa naomba mniruhusu nijivunie kidogo, maana Mbulu ni mojawapo ya sehemu zinazosifika sana kwa zao hili Tanzania. Nendeni Bashay wakati wa mavuno, harufu itawapokea kabla hamjafika. Bibi huponda punje sita au saba, nusu anazitia mapema pamoja na nyama, nusu anaziacha za mwisho kabisa, kwa sababu saumu iliyopikwa saa tatu huwa tamu na pole, na ile ya dakika tano za mwisho ndiyo inayopanda puani. Vitunguu maji viwili, vya Mang'ola vikipatikana. Kipande cha tangawizi, pilipili manga nzima kidogo, karoti tatu. Chumvi kidogo mwanzoni, nyingine mwishoni, kwa sababu supu inapopungua chumvi haipungui nayo. Viungo vya paketi sivikatazi, lakini kwenye supu ya mfupa sioni vinatafuta nini.

Halafu viazi, kilo moja. Kiazi mviringo ni mgeni aliyezoea. Kwao ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, huko Peru na Bolivia, ambako watu wa kale walikitoa porini na kukifanya zao maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania walikivusha bahari hadi Ulaya katika karne ya 16, na kwetu Afrika Mashariki kilifika kuelekea mwisho wa karne ya 19 pamoja na wamisionari na wakoloni. Tazameni basi: zao la milima yenye baridi limekuja kuipenda milima yenye baridi. Kwenye joto la pwani kiazi mviringo hakistawi, lakini kwenye vilima vya Mbulu kimekaa kama mwenyeji.

Kiazi kina masharti yake, na wengi hawayajui. Sharti la kwanza, msikiweke mapema. Nyama inataka saa tatu, kiazi kinataka nusu saa au dakika arobaini. Kikiingia pamoja na nyama kitavurugika chote. Bibi anamwambia mjukuu akate kila kiazi vipande vinne vikubwa, akiache kimoja kizima. Hicho kizima kitaivishwa, kitapondwa kwa mwiko, kisha kitarudishwa kwenye supu iwe nzito. Hakuna haja ya unga wa ngano.

Sharti la pili ni la nyanya. Nyanya ina uchachu, na ndimu zaidi. Uchachu huikaza ile gundi inayoshikilia kuta za kiazi, isilainike. Mkitia nyanya nyingi pamoja na viazi vibichi mtakaa mnangoja, na viazi vitabaki vigumu katikati. Acheni viazi viive, ndipo nyanya ziingie, na ndimu ikamuliwe bakulini.

Sharti la tatu silifanyii utani. Kiazi kilichokaa juani kikageuka kijani kina sumu inayoitwa solanini, na kuchemsha hakuiondoi. Kilichobadilika kidogo, menyeni ganda nene na mkate sehemu yote ya kijani pamoja na machipukizi. Kilichokuwa kijani kingi, kitupeni. Viazi viwekwe gizani, mahali pakavu.

Saa tatu za moto, hata moto mdogo, zinakula kuni. Nani anazileta? Kwa sehemu kubwa ni mama zenu na dada zenu, kwa mgongo au kichwani, na misitu kama Nou, inayotunza chemchemi za nyanda hizi, haiwezi kulisha mafiga yote ya wilaya. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Wakati majiko ya nishati hiyo yanasafiri kuelekea vijijini, kuna kifaa ambacho hata ninyi mnaweza kukitengeneza kwa mikono yenu: kikapu cha kupikia.

Chukueni kikapu kikubwa. Ndani yake tandikeni vitambaa vya zamani, pamba, au nyasi kavu zilizoshindiliwa ndani ya mfuko wa nguo, unene wa kiganja chini na pande zote, mkiacha shimo la kutosha sufuria. Shoneni mto mnene wa kufunika juu. Hakuna moto, hakuna umeme. Kazi yake ni kulizuia joto lililokwisha kuingia lisikimbie. Ulaya, wakati wa vita kuu mbili za dunia, watu waliokuwa na uhaba wa makaa walipika hivyo kwenye masanduku ya nyasi.

Nyama lazima kwanza itokote motoni nusu saa kamili, vipande viwe vidogo na sufuria iwe imejaa, maana sufuria nusu hupoa haraka. Kisha ifunikwe, iingizwe kikapuni ikiwa bado inatokota, na isifunguliwe ovyo. Baada ya saa mbili itoeni, ichemsheni tena, tieni viazi, vikianza kutokota rudisheni kikapuni saa moja na nusu. Mwisho ichemsheni kabla ya kula. Sababu ya kuchemsha tena na tena ni vijidudu: chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 na kukaa vuguvugu, vinazaliana kwa kasi, na baridi ya Julai hushusha joto mapema kuliko mtu anavyodhani. Siku mkitaka kuongeza maharage mekundu, yalowekeni usiku kucha, myamwage maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu motoni mpaka yawe laini ndipo yaingie kwenye supu. Maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha, na joto la polepole peke yake haliiondoi.

Mijini sasa kuna sufuria ya umeme inayopika taratibu, na kisa chake kinaturudisha kwenye jambo lile lile. Huko Vilnius, Lithuania, familia za Kiyahudi zilikuwa haziwashi moto siku ya Sabato, tangu machweo ya Ijumaa. Kwa hiyo Ijumaa mchana walipeleka kwenye tanuri la mwoka mikate chungu chenye nyama, maharage na viazi au shayiri, kikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki. Chakula hicho kinaitwa cholent. Mhandisi wa Chicago, Irving Naxon, alisikia habari hizo nyumbani kwao, akabuni chungu kinachozungukwa na waya wa joto dogo, na akapewa hataza mwaka 1940. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ikainunua biashara yake, na mwaka uliofuata chungu hicho kikaanza kuuzwa Marekani kwa jina la Crock-Pot. Sufuria hiyo hutumia wati 200 hivi, na huchukua saa nane. Ukiipata, weka viazi chini kabisa karibu na joto na nyama juu yake. Jungu la presha hufanya kinyume: hufunga mvuke ndani, maji yapande hadi karibu nyuzi 120, na mguu wa maksai unaiva kwa saa moja hivi hata Mbulu. Ni kifaa kizuri, na mama mwenye haraka ningemshauri akinunue. Mimi bado naipenda supu ya polepole, kwa sababu unaweza kuionja njiani na kuirekebisha.

Turudi kwa msichana. Saa nane mchana bibi anachoma nyama kwa uma, inaachia mfupa. Nyanya zimeingia, saumu ya mwisho imeingia, majani ya giligilani yamekatwakatwa juu. Msichana anaonja kwa kijiko.

"Bibi, haina chumvi."

"Basi itie. Kidogo, uonje tena."

Wanakula na ugali, ingawa chapati ingefaa. Uboho anapewa mjukuu, agonge mfupa kwenye sahani mpaka utoke.

Sasa nawapeni kazi ya kufanya wenyewe. Supu ikibaki, chukueni vijiko vitatu vya mchuzi wake, vichujeni kwenye kikombe, vifunikeni, na mviache mahali penye baridi usiku mmoja. Asubuhi ya Julai huko Mbulu hamhitaji friji. Inamisheni kikombe. Mchuzi hautamwagika, utatikisika wote kwa pamoja, umeganda. Ile ni jelatini, kolajeni ya miguu iliyovuta plau. Fanyeni vivyo hivyo na maji yaliyochemshiwa steki, mlinganishe vikombe viwili. Sufuria yenyewe iwe imepozwa mapema na kufunikwa, na kabla ya kuinywa tena na chapati ya asubuhi, ibandikeni mpaka itokote kweli kweli dakika tano. Vile vya kwenye vikombe wapeni kuku.